Vidole Viwili Vilivyokosekana

Wewe umemzoea yule wa ukutani,
rangi ya uji uliopoa, mlinzi wa taa ya sebuleni,
uliyempa jina la kafiri bila kumuuliza dini yake.
Hutaga mayai mawili nyuma ya fremu ya picha
kisha hana habari nayo.

Huyu wa leo ni binamu wa mbali.
Hajui dari. Hajui taa.
Kisiwa chake kiko chini kabisa ya ramani,
ambako Julai hung'ata masikio
na upepo umeyanyoa majani hadi kwenye mwamba.

Ukoo wao ni mpana.
Australia yupo mmoja, ukimkera
hukurushia utomvu kutoka mkiani,
unanata kama gundi ya fundi viatu.
Kaledonia Mpya lipo jitu la urefu wa kigasha,
hukoroma mitini usiku,
na jirani yake mwenye nyusi za miiba
ambaye mkia ukikatika, umekatika:
hauoti tena, wala hauombolezi.
Hao karibu wote hutaga.
Lakini waliofika Aotearoa walikutana na baridi,
na yai kwenye udongo ule ni jiwe tu.
Waliotaga hawakuacha wa kusimulia.
Waliochelewa kutaga, wakachelewa, wakachelewa,
siku moja wakazaa.

Mereana anapanda kwa magoti yasiyomtii tena,
tochi kwenye paji la uso,
daftari ndani ya mfuko wa plastiki.
Anainua bamba la jiwe polepole,
kama mtu anayechungulia chungu asichokipika yeye.

Yupo.
Kahawia, mnene, mpole kwa ubaridi.
Jicho lake halina kope la kufumba;
hulipangusa kwa ulimi, mara moja,
kama karani anayefuta miwani kabla ya kukukatalia.

Mereana anahesabu vidole.
Mbele kushoto, cha pili hakipo.
Nyuma kulia, cha nne hakipo.
Zamani walitia alama kwa mkasi wa kucha;
sasa tunapiga picha madoa ya mgongo,
na aibu ya mkasi tumeirithi pamoja na madaftari.
Anafungua la Alasdair, linalonuka mafuta ya taa,
mwandiko umelala kama nyasi za huku:
*Jike. Mzima. Mkia wa asili. Mvua.*
Mereana alizaliwa miaka minne baada ya mvua hiyo.

Anapapasa tumbo kwa ncha ya kidole.
Vifundo viwili.
Bibi kizee, na bado una mimba!

Nyanya yake, huko Moeraki, hakutaka hata kulisikia jina.
Mjusi ni tarishi wa kifo, alisema,
na yule wa kijani akicheka mchana
anza kupiga simu kwa ndugu.
Miaka kumi na moja Mereana alimwambia
kwamba kazi yake kisiwani ni ndege.
Hospitalini, mwishoni, bibi akamwuliza,
macho yakiwa kwenye dirisha:
"Hao ndege wako wenye miguu minne,
hutaga au huzaa?"
"Huzaa, bibi. Pacha, mara nyingi."
Kimya kirefu. Yeye naye alizaa pacha,
akamzika mmoja.
"Hukaa nao?"
Mereana hakujua la kumjibu.
Hata sasa hajui vizuri.
Wachanga huonekana karibu na mama, jiwe moja,
lakini jiwe moja si lazima liwe nyumba moja.

Anamrudisha. Mguu kwanza, kisha tumbo.
Vile vidole vilivyobaki vinashika mwamba uliolowa
kwa vinyweleo ambavyo jicho halivioni,
na sehemu ya vile viwili haishiki kitu,
na haanguki.

Chini ya mstari wa Alasdair anaandika:
*Jike. Mzima. Mkia umeota upya, mfupi.
Mimba, wawili. Mvua.*
Wino umegoma kwa baridi.
*Mvua* inabidi aiandike mara mbili.