Kijiti cha Kupimia

Bukoba, asubuhi, mvua imekatika,
nilipanda nikachovya kijiti changu cha mninga.
Kikarudi kibichi hadi alama ya tatu.
Buluu, harufu kali. Hilo bawa la kushoto.
La kulia nikalikadiria, nikaandika: yatosha.
Sikutazama chini,
gurudumu la kushoto lilivyozama topeni
na mafuta yote yameegemea upande niliopima
kama watu wanaoinamia umbea.

Nyuma yangu, Daktari Kokushubira na boksi la chanjo,
na karani wa kahawa, Ishengoma,
aliyelala kabla hatujapaa.

Upepo ulitupiga usoni njia nzima.
Haba na haba hujaza kibaba, tulikariri shuleni;
hakuna aliyetukaririsha kwamba kibaba
hukauka kwa haba hizo hizo.
Mshale wa geji ulicheza robo, nusu, robo,
mwongo asiye na haya.

Kome nimeiacha kulia, mawe ya Mwanza yameshaonekana,
injini ikakohoa mara moja, kwa adabu,
kama mtu anayetaka kukatiza mazungumzo.
Nikageuza valvu. Ikakohoa. Nikairudisha.
Kisha ule ukimya.
Propela ikasimama wima mbele ya macho yangu,
kidole kinachokataza.

Nkwabi wa mnarani alinijibu
kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.
Pua chini, mwendo themanini, usiivute:
ndege yenye njaa ukiivuta juu, huanguka.

Ufukwe wa Igombe ulikuwa karibu, mnyoofu,
unametameta kwa dagaa walioanikwa
na kina mama katikati yao wameinama,
wawili na watoto mgongoni.
Hakuna aliyeinua kichwa.
Hatukuwa na sauti ya kuwaonya.

Nikaupita.

Nyuma yake, majaruba. Mpunga umeshavunwa.
Tuta la kwanza liligonga gurudumu la mbele,
la pili likalinyofoa,
tukasimama tumesujudu kwenye matope.
Karani akaamka, akauliza kama tumefika.
Daktari aligusa barafu ya chanjo
kabla ya kujigusa paji la uso, penye damu.

Mwenye jaruba akaja na jembe begani. Minza, jina lake.
Akaizunguka ndege, akanusa.
"Hainuki mafuta. Imeharibika nini?"
"Haijaharibika. Yameisha."
Akanitazama, si kwa dharau,
bali kama unavyomtazama mtu mzima
aliyekunywa maji ya kunawa.
"Mimi jiko langu nalitikisa," akasema,
"kila jioni, kabla sijabandika maharage."

Kijiti bado ninacho.
Natazama magurudumu kwanza, napima mabawa yote mawili,
naandika namba, si neno.
Halafu, vijana wa uwanjani wakinicheka,
nashika ncha ya bawa,
natikisa,
nasikiliza.