Hundi Iliyorudi Kibaigwa

Magunia arobaini ya mahindi
yalikwishapakiwa, lori likashika njia ya Morogoro,
Mbeleje akabaki na karatasi.

Leo nampa karatasi ya pili.
Hundi yake nimeigonga muhuri mwekundu:
RUDI KWA MTOAJI.
Sikuandika "hamna kitu". Benki haisemi hivyo.
Husema "salio halitoshi", kwa nakala tatu,
na ada ya kurudisha nimemkata yeye.

Haisomi. Ananiuliza kwa Kigogo, taratibu,
kama anayeulizia mgonjwa:
"Imerudi? Kwani ilikwenda wapi?"

Miaka miwili chuoni,
jibu hili hatukufundishwa.

Foleni inakohoa.
Anaikunja mara nne,
anaifundika pindoni mwa kanga,
palepale ambapo fedha zingekaa.
Kalamu yangu
anairudisha.