Nyota Kumi na Sita

Funua, mwanangu, picha: mto wapita mjini,
jua lachelewa kucha, ukungu u darajani;
mlango Tao aacha wazi, mwanga uwe ndani,
nyundo ndogo mkononi, anagongomea nyota.

Si nyota za mbingu kuu, ni za shaba, ndogo sana,
ufito mgumu huu ni mizani ya bayana;
saba ni kata ya juu, sita za kusini tena,
tatu, nchani, zafana: jumla kumi na sita.

Baraka, ndiyo ya kwanza; ya pili Cheo; ya tatu
ni Umri. Ukianza kupunja mizani watu,
wakia moja huponza Baraka zako na utu,
mbili, Cheo; na kwa tatu, siku zako umekata.

Huyu Suyi, wake mwana, miaka tisa, mwembamba;
kwa nta, tangu mchana, mizani anaipamba.
Mama akohoa sana, mwezi wa tatu kayumba,
deni la dawa lakomba hata mchele, mafuta.

Hu Deye kabisha hodi, taa ameifunika,
hariri yake baridi matope haijashika.
"Sina maneno zaidi: kumi na tano nataka,
ila macho yakisaka yaone kumi na sita."

Fedha mezani yalia, vipande vinane vyote.
Tao akaangalia pazia, kameza mate.
"Haya," akaitikia, "kesho kutwa uipate."
Suyi kasikia yote, gizani kajikunyata.

Kesho yake baba mtu alama katia chaki;
kwa mwanya wa ukucha tu alizibana kwa dhiki.
"Gonga, mwanangu. Si kitu. Nyundo yangu haishiki."
Akaenda, hageuki, mtoni, maji kuchota.

Ko! Ko! Ya kwanza, ya pili, shaba ikazama ndani.
Ya kumi. Ladha ni kali, shubiri mwake kinywani.
Ya kumi na tano. Hali nyundo i juu hewani,
akaiweka mezani bila kumi na sita.

Hu Deye, alivyo mbio, hakutaka kuhesabu;
kaifunga kwenye nguo, akatoka bila jibu.
Soko likajaa; nao wateja waja karibu,
kwa sarafu za taabu mchele kuutafuta.

Bi Gu, kipofu, auza vitunguu pembe ile;
kidole akakikaza katika ufito ule:
saba... sita... Akawaza. Mbili... Kasogea mbele:
laini tupu. Kelele akapiga, akaita:

"Siku zangu ziko wapi? Mizani haina mwisho!"
Hu Deye, shingo i fupi, akatokwa naye jasho.
"Ni fundi Tao! Ni vipi nitambue upotosho?"
Macho yote, kama tisho, kwa Tao yakajivuta.

Tao kinywa kafungua, uongo uko tayari
(ilifutwa kwa mvua chaki; haikuwa shari).
Suyi ndoo akatua: "Nimeacha kwa hiari
pengo: nilikosa ari ya kunena, nikasita.

Zile zote zadanganya, pengo tu ndilo la kweli.
Nilitaka huo mwanya useme yangu kauli,
lakini kimya ni panya, hutafuna ghala mbili.
Baba, hiyo fedha ghali irudi ilikopita."

Tao kaishika fimbo, gotini, ka! kaivunja.
"Hili kosa, hili jambo, mimi ndimi nilopunja."
Ile fedha, kile chambo, kaitema, hakuonja.
Bi Gu kanyosha kiganja, la Suyi chozi kafuta.

Hawakuwa matajiri: uji mwepesi wakala;
kikohozi, kwa hiari yake, kikaja kulala.
Hu, sasa, kwa tahadhari humwita Bi Gu kwa kila
mzigo, kwamba si hila, kidole chake kupita.

Funga kitabu, mwanangu, bado sijazima taa;
na hili shairi langu, nalo mizani lavaa.
Mna pengo, siri yangu, pahali limenyamaa:
kidole kikitambaa, polepole utakuta.