Nguzo ya Madeni

Si kiu tu iliyonileta, Nyevu,
ingawa nimeshinda siku sita Gongoni nikipima chumvi
na hata mate yangu yamefanya ukoko.
Nimeshukia darajani, nikakata penye mikoche,
nikafuata moshi wa samaki
hadi kwenye paa la makuti lililoinama
kama mtu aliyeangusha sindano.

Sabaki imevimba leo. Nzito,
rangi ya chai iliyosahauliwa motoni.
Inapita na gogo, na povu, na kandambili moja ya mtoto,
haijui salamu.

"Karibu, mwana wa Mbitha. Kaa huku ndani,
ukingo huo siuamini."
Mwaka juzi, asema, benchi lilikuwa pale,
na kidole chake chaelekea katikati ya maji
ambapo kiboko anatoa pua, anafikiri, anazama.
Kila gharika Nyevu hung'oa mafiga yake matatu,
hurudi nyuma hatua kumi,
huchimbia nguzo, huezeka, huteleka sima.
"Mto unakula, mimi nalisha.
Sote tuko kazini."

Linakuja la asubuhi,
Kitsao kalishusha umande haujakauka:
jeupe, linachemka lenyewe bila moto,
na nyuki mmoja juu yake, amekufa ameshiba.
Namwopoa kwa ncha ya mrija.
Natonesha kidogo mchangani, la koma,
kisha navuta.

Utamu kwanza. Halafu ule uchachu unaokuja pole
na kukugonga nyuma ya masikio.

Simsifu Kitsao. Sote tunajua mgema akisifiwa hufanya nini.
Nasema tu, "Linanyweka,"
naye ananuna, anafunga kisu chake kiunoni,
na kwa hiyo kesho pia litakuwa zuri.

Kambale analetwa juu ya jani la mgomba,
ngozi imepasuka, nazi imeingia hadi mfupani,
na mchunga, mchungu kama ukweli wa shemeji,
na sima ngumu ya kukata kwa uzi.
Nakula kwa mikono miwili. Hakuna anayenitazama.
Mezani kwa pili wanabishana juu ya mbuzi
aliyekufa tangu enzi za babu zao.

Nanawa. Ndipo namuuliza:
Baba aliacha deni gani hapa?

Maana nguzo ya zamani, ile ya mistari ya mkaa,
ilichukuliwa na maji usiku wa gharika,
na wanywaji, nasikia, walisimama ukingoni wakipiga makofi:
Mto umetulipia! Mto umetulipia!
Nyevu siku ile hakusema neno.
Alikuwa anahamisha mafiga.

Anajifuta viganja kwenye leso.
Haangalii juu, hahesabu vidole.
"Mistari thelathini na saba.
Na mmoja mfupi.
Siku ile alikunywa nusu tu. Akasema ana baridi,
akaomba nimwekee iliyobaki, atarudi Jumanne."

Jumanne tulikuwa tunachimba kaburi.

Nafungua kitambaa, natoa mshahara wa chumvi,
noti zenye ukungu mweupe wa mahali nilipotoka.
Anahesabu polepole, akilamba kidole
na kukunja uso kwa ladha yake.
Noti moja ananirudishia.
"Ya ile nusu. Hakuinywa."

Uliimwaga?

"Nimwage tembo la mtu?" Anacheka kwa pua.
"Nilingoja hadi Alhamisi. Likawa kali, siki tupu.
Nikaketi hapo ulipoketi,
nikalinywa mimi."

Kiboko kapumua mahali fulani, hatukumwona.
Mimi niliona aibu ya kulia mbele ya mabishano ya mbuzi,
nikainama, nikahesabu kilichobaki mfukoni:
nauli ya kurudi Gongoni. Basi.
Na kambale bado sijamlipa, wala kibuyu.

Nyevu aliona. Yeye huona mapema kuliko mto.
Akachomoa kijinga mekoni, akakizima mchangani,
akaiendea nguzo mpya, nyeupe, isiyo na jina la mtu,
akachora mstari wa kwanza,
mwembamba, wima,
hatua kumi kutoka majini.