Aliyekaa Kitini

Setagaya, baridi kali, mwaka sitini na saba.
Studio yetu ilikuwa ghala la chumvi zamani;
taa zikiwaka, kuta zilitoa jasho.
Kila Jumanne, saa moja na nusu usiku,
Wakala Kasumi aliingia sebuleni mwa watu
bila hodi, bila uso, bila kivuli,
mwili umeyeyushwa na mionzi ya maabara,
imebaki sauti, kofia, na serikali ya kutumikia.

Sauti ilikuwa ya Udagawa.
Mengine yote yalikuwa mimi.

Mimi ndiye niliyezungusha vitasa vya milango
kwa uzi wa nailoni, mwembamba kama uongo mdogo.
Niliinua kikombe mbele ya jasusi wa adui,
nikakiinamisha, chai ikashuka
katika koo lisilokuwepo.
Uzi ukimeta, tuliupaka masizi.
Ukikatika, tulianza upya, na mwongozaji alitukana
ukoo wangu mpaka kwa babu wa babu.

Hakujua kuwa ukoo huo ulikuwa hewa kabla yake.
Baba yangu, kule Osaka, aliuchezesha mkono wa kushoto
wa mwanasesere mmoja, miaka kumi,
kavaa nyeusi gubigubi, kitambaa usoni,
mbele ya ukumbi mzima uliokubaliana kutomwona.
"Wanatuona," alisema akivua soksi zake.
"Ni adabu yao tu."

Udagawa hakuitaka adabu hiyo.
Alikuwa na pua nzuri, na alijua.
Miezi minne katika televisheni
na muuza tambi wa mtaani bado hamkopeshi.
Lakini kilichomchoma ni habari ya mama yake:
Bibi Towa, huko Akita, theluji imefika dirishani,
aliuza mashine ya kufuma, akanunua televisheni,
akawaita majirani, akawakatia figili za moshi,
na picha ilipotulia wakamuuliza:
mwanao ni yupi?

Bibi akanyoosha kidole kwenye kiti kitupu.
Yule pale. Hamwoni mto umebonyea?

Barua ya bibi Udagawa alitusomea kwa kejeli,
lakini ile sauti, sauti ya taifa zima, ikakwama njiani:
*Jumanne iliyopita ulikaa vizuri, mgongo wima,
kama nilivyokufunza. Ila mto ulibonyea kidogo mno.
Umekonda. Huko Tokyo unakula kweli?*

Fundi wa taa akajifanya anatafuta balbu.
Mimi nilikuwa chali chini ya kiti kilekile,
nyuzi nne vidoleni, vumbi la chumvi puani,
sina pa kuuficha uso ambao hakuna anayeutazama.

Sehemu ya kumi na saba ikawa ya mwisho.
Wadhamini walikuwa wauza sabuni;
walitaka shujaa ambaye shati lake linaonekana jeupe.

Katika tukio la kuaga, Kasumi anamrudia mkuu wake,
anavua kofia, anakaa.
Kofia nilimwachia mwenzangu.
Nilizishika nyuzi za mto kwa mikono miwili,
nikauma meno, nikavuta
uzito wa mtu aliyekula mabakuli matatu ya wali
na samaki juu yake, na akaongezewa,
mpaka springi zikalia.

Kata! akafoka mwongozaji. Huyo ni mnene mno!

Udagawa, pembeni, kipaza sauti mkononi,
alikitazama kiti kwa muda mrefu.

Mwache, akasema. Mwache hivyohivyo.