Mwisho wa Neno

Daftari la parokia ya Vallouta waliniletea
limeviringishwa shukani kama mgonjwa wa homa.
Mimi ni mjalidi tu, sikusomea mambo ya kale;
nina gundi ya ngano, uzi wa kitani,
na pua iliyozoea vumbi la wafu.

Ukurasa wa sitini na tatu. Machi, mwaka 1827.
Mkono wa padri unatetemeka, kwa baridi ama kwa jingine:
*Leo daraja limevunj*
halafu tundu.
Mdudu alipita hapo, mdogo kuliko punje ya ufuta,
akala mwisho wa neno, akashika njia.
*Wamekufa watu kumi na mmoja,
na punda wa Senén, riale mia moja na arobaini.*

Limevunjika, akasema meya. Mto ulifurika.
Kibao cha shaba alishakilipia,
watalii wakisome huku wakila jibini.

Limevunjwa, akasema Olaya wa kinuni.
Bibi wa bibi yake aliusikia mlio
ulioangusha sahani kabatini,
na mvua siku ile, wapi!
Palikuwa na askari, na ushuru wa chumvi.

Wakanigeukia mimi,
kana kwamba mshona sanda
ndiye ajuaye kilichomuua maiti.
Nikasema sijui. Wakanikasirikia wote wawili.
Penye tundu, kila mtu huja na kiraka chake
alichokikata nyumbani.

Kisha akaja mwalimu Telva na watoto kumi na tisa,
matope hadi magotini. Walitoka kupima mawe ya mtoni.
Mengine yamelala upande wa juu wa daraja,
na maji, alijuavyo hata mbuzi, hayapandishi jiwe mlimani.
"Ushahidi!" wakapiga kelele.
"Taratibu," akasema Telva. "Miaka mia mbili
watu wa hapa wanaokota mawe haya wajengee mabanda ya nguruwe.
Nani alisogeza lipi?"
Kelele ikanywea.

Nel, yule mwenye mafua yasiyokwisha,
akaweka kidole (nikamwambia aondoe kidole)
karibu na mstari wa mwisho:
"Mbona punda ana mwenyewe, ana na bei,
na watu hawana hata majina?"

Hakuna aliyekuwa ameuliza hivyo.
Si meya, si Olaya, si mimi
niliyelala na kitabu hicho chumba kimoja siku arobaini.

Telva hakujibu. Aliliandika swali ubaoni
akakataza lisifutwe.
Wakaanza kupekua daftari za ubatizo na za ndoa,
wakitafuta anayetoweka baada ya Machi:
mama wa ubatizo asiyeshika tena mtoto,
mjane anayeolewa Oktoba, haraka, na kaka wa marehemu.
Brixida. Toribio mpiga pasi. Antona na binti yake.
Majina saba waliyapata kufikia Juni.
Manne bado. Labda walikuwa wapita njia,
labda padri aliwajua na kalamu ikaona aibu.

Tundu nimeliziba kwa karatasi
nyembamba kama ganda la kitunguu, linaonekana bado.
Meya alitaka nijazie herufi, wino ninao wa kufanana.
Nikakataa, akapunguza malipo yangu.

Lakini nina jambo sijamwambia mtu.
Siku ya kwanza, nikipangusa ukingo wa tundu,
kigamba cha wino kilinasa kwenye brashi:
mkwaruzo mmoja uliopinda,
mguu wa *k*, au bawa la *w*.
Nimekihifadhi ndani ya kisanduku cha kiberiti.
Hukitoa, nikakigeuza chini ya lenzi huku na huku.
Asubuhi, baada ya kahawa, ni *k*.
Jioni, nikishapita mbele ya mlango wa Olaya,
ningeapa ni *w*.