Gundi

Naanza na gundi, maana ndiyo iliyonikosanisha na vifaa vipya.
Simu ya zamani ilifungwa kwa skrubu nne,
skrubu zilizosema: ndani kuna mambo, karibu uone.
Hii ya sasa imegandishwa kingo zote kama bahasha ya siri za serikali,
na mimi, Nyagaka, fundi wa Luthuli, ghorofa ya pili,
kibanda upana wa kitanda cha bweni,
naipasha moto kwa kikausha nywele cha Mwende, msusi jirani,
naibembeleza ifunguke
kama mtu anayembembeleza mtoto ateme sarafu.

Halkano, mwanafunzi wangu, hunicheka.
Yeye anapenda vyembamba. Kila mwaka chembamba zaidi,
kila mwaka kamera inaongezewa jicho,
kana kwamba shida yetu Nairobi ilikuwa uhaba wa macho.

Nimwambie nini?
Ile ya zamani ikianguka ngazini ilitawanyika:
betri huku, mfuniko kule, yenyewe chini ya kiti cha mtu.
Uliokota kama anayeokota maharagwe yaliyomwagika,
ukapachika, ukabana, ikawaka, ikaita.
Ilijua kuachana, ndiyo maana ilijua kurudiana.
Hii ya leo huanguka ikiwa nzima,
na uzima wake ndio unaoivunja.

Lakini nisiwadanganye. Msinifanye mzee wa "enzi zetu".
Enzi zetu nilikuwa mlinda saa wa saiba moja
chini ya ardhi, Barabara ya Moi,
shilingi tano kila dakika, feni moja, mashine kumi na mbili zinazokoroma.
Stima ikipotea, tasnifu ya mtu ilipotea nayo,
kurasa arubaini juu ya majani chai,
na mwenyewe akabaki gizani ameshika kipanya
kama anayeshika mkono wa mgonjwa aliyekwisha kukata roho.
Siku hizo sizililii.

Ila namkumbuka Wakesho, karani wa duka la vitambaa,
aliyekuja kuona picha ya mchumba, yuko Minnesota.
Picha ilishuka mstari kwa mstari:
kwanza anga la kijivu, kisha kofia ya sufu,
kisha paji la uso, nyusi,
macho,
na hapo dakika zikaisha.
Alipekua pochi. Nauli tu.
Nikaitazama saa ya ukutani, nikayatazama macho yale,
nikasahau kuhesabu.
Pua ilipofika alicheka. Mdomo ulipofika alinyamaza.
Akaketi na sura ile robo saa nzima.
Bosi alinikata mshahara. Haki yake.

Juzi Wakesho alipanda ngazi zangu, miwani ikining'inia kifuani,
simu imekufa, picha elfu kumi na moja ndani.
Sikumuuliza habari za Minnesota.
Kidole chake hakina pete, au kina, taa yangu ni hafifu.
Nilimuuliza tu: nisipoweza kuokoa zote, nianze na zipi?
Akafikiri. Akaivaa miwani, akafikiri tena.
"Sijui," akasema. "Sijawahi kuziangalia."

Basi haya ndiyo maoni yangu, na hakuna aliyeniuliza.
Kwenu mnaovitengeneza, huko mliko:
ongezeni kasi, ongezeni macho, sina neno.
Mkitaka, kifanyeni chembamba kama chapati ya mgeni asiyetarajiwa.
Lakini niachieni skrubu.
Hata moja.

Halkano amewasha kikausha. Gundi inanuka kama plastiki na huruma.
Ukingo unainuka, unwele kwa unwele,
na sisi watatu tumeinama juu yake, hatupumui,
Wakesho ameshika pochi kwa mikono miwili.

Mwende anagonga ukuta wa mbao.
Mteja wake kichwa kimelowa, anataka kifaa chake, sasa hivi.

Dakika moja, namwambia.
Dakika moja tu.